Fundi Hanyooshi Mlilana

Nimechoka na vitabu vya mafanikio. Vile vinavyotandazwa chini pale stendi, jaladani mtu wa tai anacheka. Karibu kila kimoja kina sura ya ajira, na agizo ni lile lile: tafuta mahali pa kazi panapothamini upekee wako. Kwani kazi ni mtumba, niseme hii inanibana, nipe ile?

Mimi nina kigugumizi. Nilipata kazi ya mkataba katika ofisi moja hapa Kibiti. Ukutani palibandikwa maandishi makubwa: "Tunathamini kila mtu." Wiki ya pili nikatolewa mapokezi, nikapelekwa chumba cha majalada, eti nipumzike na watu. Hakuna mwananchi aliyekuwa amelalamika. Mkataba ulipoisha, ukaishia hapo hapo. Sasa niambieni, wapenzi wa vitabu: mimi ndiye sikujua kutafuta?

Baadaye nilikaa Nyamisati kwa mjomba. Jirani yake ni fundi wa mashua. Siku moja nikamwuliza mbona kaleta miti iliyopinda tupu, na deltani miti iliyonyooka imejaa. Swali lilichukua muda kutoka. Akasubiri, hakunimalizia neno. Kisha akasema: "Mwanangu, mkoko ulionyooka ni boriti ya nyumba. Taruma la mashua nataka mlilana uliopinda wenyewe. Nikiunyoosha, nimeuharibu."

Hakuusifu mti ule. Alijua tu mashua yake inataka nini, akaingia matopeni kuangalia mti mmoja mmoja. Ile ni kazi ya fundi. Mti haumtafuti fundi.

Na sheria zetu zinasema vivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, umri au ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe walau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Zote mbili zinamwambia mwajiri. Vitabu vya stendi vinaniambia mimi.

Najua mtanijibu kwamba kujitambua kunasaidia. Sawa, kunasaidia. Lakini kijana aliyejitambua, akabisha hodi kila mlango na bado hana kazi, atajilaumu nani? Kitabu kimeshamwambia hakutafuta vizuri. Huo ndio ubaya wake: kinachukua ubaguzi, kinauita uzembe wa aliyebaguliwa.

Basi waandishi, hebu tuandikieni kimoja cha kumfundisha bosi kusubiri mtu amalize sentensi yake. Nitakinunua, tena bila kuomba nipunguziwe.