Gari la baba haliuzwi, bado

Tangu baba apate kiharusi, gari lake limeegeshwa chini ya mwembe, na madalali wameshalinusa. Wiki hii pekee nimeokota karatasi tatu kwenye waipa: "Bosi, unauza? Nina pesa taslimu." Mmoja aligonga geti kabisa. Akamwambia mama kwamba gari likikaa linaoza, akataja bei ya kutupa, tena akataka kadi apewe siku hiyo hiyo, "umiliki tutabadilisha baadaye."

Hapo nikaingilia. Msomaji wangu, usithubutu. Umiliki usipobadilishwa TRA, gari likileta balaa huko barabarani, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina kwenye kadi. Na jina ni la baba. Wa kuuza ni yeye, si mama wala mimi.

Kiharusi kimemchukulia mkono wa kulia na maneno mengi, lakini akili hakikuigusa. Jioni nikamwekea zile karatasi mapajani. Akazisoma zote, taratibu, akazifinyanga kwa mkono wa kushoto, kisha akaonyesha funguo ukutani: nikaliwashe gari, betri isife.