Mshika Mbili Moja Humponyoka

Vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu katika Sensa ya Agosti 2022 havikufungiwa kabatini baada ya kazi ile kumalizika. Serikali iliamua vipelekwe kwa walimu, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Sisi tuliupongeza, na tunaendelea kuupongeza. Hata hivyo, jembe halilimi peke yake. Leo tunapenda kuuliza swali ambalo, kwa maoni yetu, linawahusu wazazi na viongozi kama linavyowahusu walimu wenyewe. Je, kishikwambi, kompyuta na simu vimempunguzia mwalimu kazi ya kuandika, au vimemwongezea?

Kwa faida ya wasomaji wetu wasiokuwa walimu, yafaa tueleze kwanza kazi yenyewe. Kabla ya muhula kuanza, mwalimu huandika azimio la kazi, ambamo huzigawa mada za mtaala kwa miezi na wiki. Kutokana na azimio hilo, huandika andalio la somo kwa ajili ya kila kipindi: nini wanafunzi watarajiwe kukimudu, zana gani zitumike, hatua zipi zifuatwe na kwa dakika ngapi, mwalimu afanye nini na mwanafunzi afanye nini. Hapo bado nukuu za somo, daftari la mahudhurio na orodha ya alama. Chini kabisa ya andalio kuna nafasi ndogo ya tathmini na maoni, inayojazwa baada ya kipindi kwisha. Tutarejea kwenye nafasi hiyo, kwani ndiyo kiini cha maneno yetu.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki. Andalio moja likimchukua dakika 20, basi kwa wiki atatumia saa 8, sawa na siku nzima ya kazi, kwa kuandika maandalio peke yake. Saa hizo hazimo katika ratiba ya skuli. Aghalabu hupatikana usiku, baada ya madaftari ya wanafunzi kusahihishwa na watoto wa nyumbani kulala. Mwaka unaofuata, akifundisha darasa lile lile na mada zile zile, huanza upya katika daftari jipya.

Hapa ndipo vyombo vya kisasa vinapoweza kuleta nafuu ya kweli. Andalio lililohifadhiwa katika kompyuta haliandikwi upya, bali hurekebishwa. Azimio la kazi likivurugwa na mvua za masika au sikukuu, wiki zake husogezwa bila ya kufuta na kukwangua. Programu kama OneNote humwezesha mwalimu kuligawa daftari lake kwa masomo na madarasa, na kuipata nukuu ya mwaka juzi kwa kutafuta neno moja tu. LibreOffice hupatikana bila ya malipo, na hufanya kazi kwenye kompyuta hata pasipo na intaneti. Mwalimu akiugua, mwenzake anayeshika darasa huona mara moja somo lilipofikia. Mwalimu akihamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, au akistaafu, hazina ya miaka yake yote haitaliwa na mchwa katika sanduku. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na maarifa ya mwalimu ni mali ya nchi hii.

Jambo hili si geni kwetu. Katika karne iliyopita, walimu wa visiwa hivi walikuwa na jarida lao, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Kwa hiyo fikra ya kwamba mwalimu asijifungie na ujuzi wake, bali awashirikishe wenzake, ni yetu wenyewe. Haikuletwa na kompyuta. Kilichobadilika ni kwamba leo andalio zuri la hesabati lililotungwa Chake Chake laweza kumfikia mwalimu wa Tumbatu siku hiyo hiyo, bila ya kungoja mashua.

Lakini faida zote hizo hugeuka kuwa adha pale mwalimu anapotakiwa kuandika mara mbili. Mwalimu yeyote aliyepata kudaiwa andalio lile lile katika kishikwambi na tena katika daftari, ili liwekewe saini na lisubiri mkaguzi, anajua tunalolisema. Zile saa 8 za mfano wetu hukaribia kuwa 16. Si chombo kilichosababisha hayo, bali ni ofisi iliyoshindwa kuchagua. Mshika mbili moja humponyoka, na katika mambo haya kinachoponyoka ni wakati wa mtoto. Mwalimu aliyechoshwa na kunakili huingia darasani akiwa na karatasi nzuri na sauti hafifu.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: andalio moja latosha. Mwalimu anayeandika kwa kalamu aachwe aandike kwa kalamu, na la mwenye kuandika katika kompyuta likubaliwe lilivyo. Mwalimu mkuu na mkaguzi walisome pale lilipo. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ikitoa waraka mfupi wa kuthibitisha jambo hilo, waraka ambao hautagharimu hata senti moja, itakuwa imewarejeshea walimu saa nyingi kuliko shehena mpya ya mashine.

Wako watakaosema kwamba karatasi ni ya kuaminika zaidi. Hoja yao ina uzito, na sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa kiasi cha mwezi mzima kutokana na hitilafu. Desemba 2009 giza lilirejea, na halikuondoka mpaka Machi 2010. Pemba nayo ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli mpaka ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Unguja ilipata waya mpya mwaka 2013, na hali imekuwa bora. Hata hivyo, Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizomo baharini zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Anayeishi kwa kutegemea waya upitao baharini hana budi kuwa na akiba.

Fundisho tunalolipata si kuvikataa vyombo hivi, bali ni kuvichagua kwa hekima. Programu ya mwalimu wa visiwani iwe ile inayofanya kazi bila ya intaneti, na inayopeleka nakala mahali pengine mtandao unapopatikana. Nakala hiyo ihifadhiwe pia katika kituo cha walimu, ili kishikwambi kikianguka majini kisizame na kazi ya mwaka mzima. Skuli isiyokuwa na mahali pa uhakika pa kuchajia vifaa isilazimishwe kuacha daftari. Tena, si haki mwalimu kununua bando kwa mshahara wake ili atume taarifa inayotakiwa na ofisi. Anayeihitaji taarifa ndiye anayepasa kugharimia upelekaji wake.

Yapo pia majina na alama za watoto. Zamani yalikaa katika daftari lililofungwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Siku hizi orodha ya alama yaweza kupigwa picha na kuzagaa katika makundi ya WhatsApp kabla ya magharibi, na mtoto aliyefeli akachekwa mtaa mzima. Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022, lakini kabla ya sheria kuna murua. Maandalio na yasambae, kwa kuwa ni elimu. Alama za mtoto ni amana.

Sasa tunarejea kwenye ile nafasi ndogo chini ya andalio. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zenye uwezo wa kuandika andalio zima, lenye malengo na hatua zake, kwa muda usiozidi wa kunywa funda la maji. Hatuwalaumu walimu wanaozitumia kupata mfano. Kunakili andalio la mwenzake, au la mwaka jana, ni mchezo uliokuwapo hata enzi za wino na kidau. Lakini hakuna mashine iliyokuwamo darasani siku ile. Haikuona kwamba wanafunzi kumi na wawili hawakuelewa sehemu, kwamba mfano wa chungwa uliwachanganya na mfano wa mkate wa mofa ukawafumbua macho, wala kwamba binti wa safu ya nyuma hakunyanyua mkono wiki nzima. Hayo huandikwa na mwalimu peke yake, katika mistari miwili au mitatu, na ndiyo yatakayomfaa kesho na mwakani.

Ikiwa ni hivyo, basi ukaguzi nao ubadilike. Mkaguzi asihesabu kurasa wala asishangilie mistari iliyonyooka. Aifungue ile nafasi ya maoni na kuuliza: ulipogundua kwamba hawakuelewa, ulifanya nini? Jibu la swali hilo halinakiliki. Andalio ni barua ambayo mwalimu hujiandikia mwenyewe kuhusu wanafunzi wake. Likigeuzwa kuwa barua ya kumridhisha mkubwa, litajaa maneno matamu yasiyokuwa na mtoto hata mmoja ndani yake.

Nanyi wazazi, mnapomwona mwalimu ameinamia simu yake barazani jioni, msiharakishe kusema kwamba anacheza. Pengine anapanga somo la mtoto wenu. Nanyi walimu, msiwape watu sababu ya kusema hivyo.

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, na milango ya skuli ikafunguliwa kwa watoto wa wakulima na wavuvi. Mtoto aliyeingia kwa mlango ule alihitaji mwalimu aliyejiandaa, na wa leo anamhitaji vile vile. Wahusika wakutane na walimu kabla ya muhula ujao, wachague njia moja ya kuandika, kisha wawaache walimu wafundishe.