Simu Twaijua, Kwetu Je?

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Nami, kwa idhini ya mhariri wa jarida letu, nathubutu kuongeza kuwa asiyekujua kwao ni mgeni hata akiwa amelala katika kitanda chake mwenyewe. Wanafunzi wenzangu, walimu wetu wapendwa, hoja yangu mwaka huu ni simu. Tafadhali msinune! Najua tayari kuna mtu hapo nyuma ya darasa anayenong'ona, "Huyu naye ameanza kuhubiri." La, sihubiri. Soma hadi mwisho kisha ukate shauri mwenyewe.

Sisi wanafunzi wa kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana, na bahati hiyo tunaichezea. Wao jioni kengele ikilia hubaki ndani ya ua wa shule. Sisi hutoka langoni saa kumi na nusu, na jua la Kisii na Nyamira halituagi mpaka saa kumi na mbili na nusu. Hayo ni masaa mawili ya mwanga kila siku ya masomo, mbali na Jumamosi na Jumapili. Masaa mawili hayo ndiyo ninayoyatetea. Siku hizi yanakwenda wapi? Pita kituo chochote cha bodaboda, au nyuma ya duka lenye mtandao wa bure, utawaona wanafunzi wenye sare wameinamisha shingo kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mmoja anatazama densi, mwingine anasoma matusi ya watu asiowajua, na wa tatu, Mungu amsaidie, anacheza kamari kwa nauli aliyopewa na mamake.

Si ati ni sisi peke yetu. Taarifa ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters, iliyo katika Chuo Kikuu cha Oxford huko Uingereza, iliiweka Kenya mbele kabisa kwa matumizi ya TikTok miongoni mwa nchi zilizochunguzwa. Tumeshika namba wani, na safari hii si kwa mbio.

Sasa, hasara iko wapi? Wengi wanaoandika juu ya simu husema itaharibu macho, itaangusha alama, itatufunza tabia mbaya. Hayo tumeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Mimi naona hasara nyingine ambayo haitajwi sana: simu inatufanya wageni kwetu. Mtu asipokijua kitu hawezi kukipenda, na asichokipenda hatakililia siku kitakapotoweka.

Chukueni mfano huu. Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kilimo alikuja darasani na kikapu cha majani, akayapanga mezani, akatuambia tuyataje. Sukuma wiki tuliitaja sote kwa kelele. Chinsaga na rinagu tulizitambua, maana ndizo mboga zetu na mama mboga huziuza kila pembe. Tulipofika kwa enderema, nusu ya darasa ikanyamaza. Baada ya hapo yalifuata majani ya miti na ya dawa, na darasa zima likawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Wasichana wawili tu ndio walioinua mikono, na wote wawili wanaishi na nyanya zao. Wakati wa mapumziko, wavulana wale wale walionyamaza walikuwa wakitaja wachezaji wa Arsenal na Manchester United, pamoja na wale wa akiba, bila kukosea hata jina moja. Kumbe akili tunazo! Tatizo si kwamba kichwa hakishiki mambo. Tatizo ni kwamba kimejazwa mambo ya mbali, ya karibu yakakosa pa kukaa.

Huenda mtu akasema, "Lakini huku kwetu hakuna maumbile ya kutazama. Hatuna Maasai Mara wala msitu kama ule wa Kakamega." Ni kweli kwamba ardhi yetu ni finyu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Ndovu atasimama wapi hapo? Lakini maumbile si ndovu peke yake. Kwetu maumbile ni migomba na majani chai, ni chemchemi bondeni, ni mti wa omotembe unapochanua maua mekundu, ni radi ya alasiri. Ni Mto Gucha unaoanzia katika milima ya Nyamira, ukateremka hadi Ziwa Viktoria huku umebadilishwa jina kuwa Kuja. Ni ukingo wa Manga, ambapo ukisimama siku isiyo na ukungu unauona mji wa Kisii chini yako na ziwa likimetameta mbali. Ni machimbo ya Tabaka, yanakotoka mawe laini ambayo vinyago vyake huuzwa hadi Ulaya na Marekani. Jameni, kuna mwenzetu anayeweza kukueleza mitaa ya New York kwa sababu ameiona katika simu, lakini Tabaka, safari ya matatu tu kutoka mjini Kisii, hajatia mguu!

Na ni kwa sababu ardhi yetu ni finyu ndipo inatupasa kuijua vizuri. Mwenye shamba la ekari elfu anaweza kupoteza kipande asitambue. Sisi tukipoteza chemchemi moja tu, kijiji kizima kinabeba mitungi kwenda mbali.

Hapa nataka kumtaja marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wengi wetu tunamjua kwa ajili ya mtihani tu: alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, akapanda miti, basi. Lakini katika hotuba yake ya kupokea tuzo hiyo alikumbuka kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikokuwa akienda kumtekea mama yake maji. Alieleza alivyocheza kati ya majani ya nduma akijaribu kuokota mayai ya vyura, akidhani ni shanga. Kisha akasema kwamba baada ya miaka zaidi ya 50 kijito kile kilikuwa kimekauka. Hebu fikirini. Kama mtoto yule hangecheza pale, angejuaje baadaye kwamba kuna kitu kimepotea? Naamini hata mti wa kwanza hangeuona una haja ya kupandwa.

Huku kwetu mambo ni yale yale. Mikaratusi imepandwa mabondeni na kando ya mito kwa kuwa inakua haraka na kuleta pesa za nguzo, mbao na kuni, nayo hunywa maji mengi. Wazee wanalalamika kwamba chemchemi walizochota utotoni zimepungua. Sisi tumesema nini? Hatujasema lolote, maana hatujui hata zilikuwa wapi. Mzee akinyoosha fimbo na kusema, "Pale palikuwa na maji," sisi tunaona nyasi tu.

Isitoshe, wazee hao wanajua zaidi ya maji. Wanajua jinsi obokano, kile chombo chetu cha nyuzi nane, kinavyokazwa na kupigwa. Wanajua habari za Otenyo aliyemchoma mkuki mkoloni Northcote mwaka 1908, na za Moraa, yule mama aliyewatia vijana moyo. Utayapata hayo mtandaoni, nakubali, lakini kwa mistari michache tu. Babu atakuambia habari hizo alizipata kwa nani, na zinasimuliwaje upande wa kwao. Mtandao utakuwako mwaka ujao. Babu huenda asiwepo.

Nimesema kwamba zamani tuliongoza kwa mbio. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, katika mita 10,000 jijini Mexico City mwaka 1968. Yobes Ondieki wa Kisii alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Tokyo mwaka 1991, na tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Milima iliyowalea ni hii hii ambayo sisi twaipanda kwa bodaboda, simu mkononi, tukitazama video za watu wengine wakikimbia.

Sasa niwape haki wanaonipinga, maana hoja ya upande mmoja ni kama ng'ombe wa mguu mmoja. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na sote tukarudi Januari 2021, aliyekuwa na simu nyumbani aliendelea kusoma, na asiyekuwa nayo akakaa. Mama anayeuza ndizi hupokea pesa zake kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, hata mwanafunzi wa Nyamaiya anaweza kusoma maktaba za ng'ambo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema tuzitupe simu mtoni. Simu ni chombo kama jembe.

Lakini jembe ukimaliza kulima unaliegemeza ukutani, nalo halikuiti. Simu inakuita. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja kwa jina Aza Raskin alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, ule ambao ukisukuma kidole unaendelea kuteremka tu. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na hata gazeti lina kurasa za michezo ukajua umefika. Video hizi hazina mwisho, moja ikiisha nyingine imeanza. Kwa hivyo unapojiambia, "Dakika tano tu," ujue unashindana na watu wazima waliolipwa mishahara mizuri ili usitoke. Ndiyo maana Australia ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Desemba 2025, ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Sisi wa kidato cha tatu tungepenya katika tundu la sindano!

Mimi sidai sheria. Naomba tutazame tu jinsi tunavyoishi na watu. Jirani akifiwa siku hizi, kijana anaandika "Pole" katika kikundi cha WhatsApp, anaongeza picha ya uso unaolia, kazi imekwisha. Zamani, na hata leo kwa wale wenye adabu, vijana ndio waliopasua kuni, waliochota maji, waliosimamisha hema na kukesha na wafiwa. Kaburi halichimbwi kwa kidole gumba.

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. La kwanza, yale masaa mawili. Tukitoka shuleni, simu ikae kwa mama au kabatini mpaka giza liingie. Usiku, ukiwa umemaliza kazi za shule, itazame kidogo kama unataka. Mwanga wa jua usipotee bure.

La pili, kila mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili aende kwa nyanya, babu au jirani mzee, alete majina ya mimea kumi: jina la Ekegusii, la Kiswahili likipatikana, na matumizi yake. Wenzetu ambao si Wakisii walete ya kwao, tujifunze sote. Tuyabandike katika gazeti la ukutani, na toleo lijalo la jarida hili lichapishe orodha nzima. Hiyo itakuwa kamusi yetu wenyewe, na hakuna mtandao wowote utakaokuwa nayo kabla yetu.

La tatu, Jumamosi moja muhula ujao tupande Manga kwa miguu, kila mtu na chakula chake. Simu iwe moja tu, ya mwalimu, kwa ajili ya dharura.

Walimu wetu, nanyi nina ombi kwenu kwa heshima zote. Mnapotuagiza utafiti wakati wa likizo, msituagize mtandaoni pekee. Tuagizeni kwa wazee. Na wazazi watakaolisoma jarida hili, samahani, lakini mtoto huiga anayoyaona: baba akila ugali huku anasoma simu, mwana atafuata.

Wenzangu wa kidato cha tatu, mwaka ujao ni KCSE. Baada ya hapo tutatawanyika, huyu Nairobi, yule Mombasa, mwingine ng'ambo akibahatika. Huko tutaulizwa, "Kwenu kukoje?" Ingekuwa aibu kubwa kutoa simu mfukoni ili kutafuta jibu. Simu tutaikuta kila mahali tuendako. Manga, chemchemi na nyanya zetu wako hapa tu, na jioni ya leo bado ina mwanga.