Gari la Jeneza na Pampu Isiyo na Hatia



Mwezi uliopita tulimchukua marehemu mama mmoja wa mtaani kwetu, Mombo, kumpeleka kwao Lushoto kuzikwa. Gari lilikuwa pikapu kuukuu ya msikiti, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L. Tulipouanza mlima wa kuelekea Soni, nguvu zikaanza kupungua. Dereva alikanyaga mafuta hadi mwisho, nalo likazidi kunywea, kisha likazima. Wana wa marehemu walishuka wakasimama pembeni mwa barabara, kimya, jeneza la mama yao likiwa juani. Baada ya dakika kama kumi likawaka, likapanda kana kwamba halikuwa na ugonjwa wowote. Tulizika jua likikaribia kuzama.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Fundi tuliyempelekea alisema pampu ya dizeli imekufa, inunuliwe nyingine ya mtumba. Bei yake ilizidi michango yetu ya Ijumaa nne. Nikiwa katibu, niliandika tangazo la kuomba mchango. Kabla halijasomwa, nilimwonesha mzee wetu mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi. Aliniuliza maswali matatu: Moshi ulikuwa wa rangi gani? Lilizima ghafla au lilinyong'onyea kwanza? Na likipumzika, hupona?

La kwanza sikuweza kulijibu. Akasema, "Mwanangu, mnanunua dawa na mgonjwa hamjamuuliza anaumwa wapi."

Maswali hayo yana maana yake. Moshi mweusi mwingi huonesha kwamba mafuta yapo ila hewa haitoshi. Hapo huanziwa kwenye chujio la hewa. Gari likikosa nguvu bila kutoa moshi, aghalabu mafuta hayafiki ya kutosha. Likizima ghafla kama taa, hutazamwa umeme, hasa waya wa swichi ndogo iliyo kwenye pampu, ambayo hufungua na kukata mafuta. Likinyong'onyea polepole, kisha likapona baada ya kupumzika, kuna kitu kinachoziba njia na kuiachia.

Dereva alithibitisha kwamba hakuona moshi. Basi tukaanza na vya bei ndogo, kimoja baada ya kingine, maana vikibadilishwa vyote kwa pamoja, hata gari likipona hutajua lilikuwa na nini.

Kwanza tulimwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, tukaweka chujio jipya na kutoa hewa kwa pampu ya mkono. Mlimani likanywea vilevile. Pili, liliponywea tulifungua kifuniko cha tangi. Tundu la kupumulia tangi likiziba, tangi hujivuta ndani na mafuta hugoma kutoka. Kifuniko kikifunguliwa husikika hewa ikiingia kwa kishindo. Hatukusikia kitu.

Tatu, tulikata mpira unaoingia kwenye pampu, tukaunga kipande kinachoonesha ndani. Injini hii haina pampu nyingine kwenye tangi. Ile ya mbele ndiyo inayoyavuta mafuta njia nzima. Kwa sababu hiyo mpira uliochoka au klampu iliyolegea huweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone la dizeli chini, na mtu akatazama akaona pakavu, akadhani pazima. Sisi hatukuona mapovu.

Nne, ndipo mzee alipotuletea dumu. Tulilijaza dizeli safi, tukalifunga imara nyuma ya gari, tukaingiza ndani yake mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha, tangi likawekwa kando. Tukapakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa kutosha, tukaupanda mlima uleule. Gari lilipanda hadi Soni bila kusita.

Pampu ikatoka na hatia. Tangi liliposhushwa, ndani mlikuwa na magamba ya kutu na utelezi mweusi. Injini ikivuta kwa nguvu, uchafu huo hunata kwenye kichujio cha mdomo wa bomba. Ikizimwa, hudondoka chini. Ndiyo sababu gari lilipona kila lilipopumzika. Tulilipa gharama ya kuosha tangi, chujio moja na kipande cha mpira. Tangu hapo limepanda mara tano, mara mbili likiwa na jeneza.

Simaanishi kwamba pampu haifi. Gari likinywea hata kwa mafuta safi ya dumu, chujio ni jipya na mapovu hayapo, na hasa likiwa gumu kuwaka injini ikiwa ya moto, basi pampu ipelekwe kwa mafundi wenye mashine ya kuipima, na ipimwe kabla ya kununuliwa nyingine.

Wala simlaumu fundi. Sisi ndio tuliomwambia tunalitaka gari kabla ya Ijumaa, wala hatukumpa hata maelezo ya moshi. Aliyeharakishwa hukisia. Lawama ninaijua inapokaa: nilikuwa tayari kusimama mbele ya watu, wamo wajane wanaouza maandazi, nikawaomba fedha kwa ugonjwa ambao sikuuhakikisha. Fedha zao ni amana, na dhana si hoja ya kuitumia amana.

Tangazo lile nimelihifadhi katika faili. Ndani ya gari tumeweka daftari. Kila linapoleta shida, dereva huandika: saa ngapi, mlima au tambarare, mzigo kiasi gani, moshi wa rangi gani, mafuta yalijazwa lini. Fundi akiitwa, daftari ndilo la kwanza kupewa.