Kitabu cha Pili Ndicho Mtihani

Mtu yeyote mwenye kipaji kidogo na njaa ya kutosha anaweza kuandika riwaya moja ya mikasa. Kazi iko kwenye ya pili. Katika ya kwanza msomaji hamjui shujaa: huenda akasalitiwa, huenda akapigwa risasi katikati ya kitabu, huenda hata ikagundulika kwamba mhalifu ni yeye. Kitabu cha pili kinapofika dukani, siri kubwa kuliko zote imekwisha kuvuja. Alipona. Na msomaji wa Mbinga aliyetoa fedha ya kahawa kukinunua si mjinga. Anajua kwamba safari hii pia atapona. Sasa mwandishi amtishe kwa nini?

Toleo hili limekusanya makala na hadithi za upelelezi na safari za hatari, nyingi zikiwa za waandishi wa milima ya Umatengo na wa pwani ya Nyasa, kuanzia Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hadi vijiji vya mpakani. Badala ya kupitia kilichomo ukurasa kwa ukurasa, naona afadhali niweke mezani vitabu viwili ambavyo karibu kila mwandishi wetu amevisoma, aseme au asiseme: Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, cha kwanza na cha pili katika mfululizo wa mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba.

Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za harakati za ukombozi zimeibwa Dar es Salaam, na Chifu, mkubwa wake wa kazi, anamtuma Gamba Nairobi azipate kabla hazijamfikia adui. Ukitazama kwa jicho la fundi, mpango huu hauna mafuta ya ziada. Karatasi ni kitu kidogo. Inafichika ndani ya koti, inachomeka kwa kiberiti kimoja, inaweza kunakiliwa usiku na kurudishwa mahali pake asubuhi. Kila mlango unapofunguliwa swali la msomaji ni lilelile: ziko wapi? Na nyuma ya karatasi hizo wapo watu tusiowaona, wapiganaji walioko msituni ambao watakufa iwapo zitasomwa na asiyepaswa. Hakuna haja ya mwandishi kutukumbusha jambo hilo kila sura. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na msomaji wa mwaka 1974 alijua kilichokuwa kinatunzwa mjini humo. Alijua pia kwamba Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa mji huohuo Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Kwa msomaji wa huku kwetu, wale wasioonekana walikuwa na sura. Vita vya FRELIMO vilianza Septemba 1964, na mkoa wa Niassa ulikuwa mmoja wa viwanja vyake vya mwanzo. Wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa Muhukuru, upande wa Songea. Wanyasa walikuwa na ndugu pande zote mbili za mpaka. Mreno alikuwa na kituo cha jeshi la majini Metangula, kusini zaidi kwenye ziwa hilihili, na mvuvi aliyetoka na mtumbwi wake usiku alipaswa kujua mwanga anaouona mbele ni wa dagaa au wa bunduki. Kwa hiyo kitabu kile hakikuhitaji kulitaja ziwa ili kulifikia.

Aprili ya mwaka uleule wa 1974 serikali ya Lisbon ilipinduliwa. Msumbiji ikawa huru Juni 1975, Angola Novemba. Juni 1976 watoto wa Soweto wakapigwa risasi barabarani. Kikosi cha Kisasi ilipotoka mwaka 1979, miaka mitano tu tangu ile ya kwanza, ramani yote ilikuwa imebadilika. Mreno hayupo. Adui sasa ni Kaburu, na uwanja ni Kinshasa ya Mobutu, mji ambao Mtanzania wa siku zile aliujua zaidi kwa magitaa yake. Vita vilikuwa vimehama kutoka mtoni kwetu, na riwaya ikavifuata.

Hapo ndipo Musiba alipofaulu mtihani, na nitasema kwa nini nakiweka kitabu cha pili juu ya cha kwanza ingawa najua wengi watanipinga. Lile tatizo la shujaa asiyeweza kufa alilitatua kwa neno lililoko juu ya jalada: kikosi. Gamba wa Nairobi anabeba kazi yake karibu peke yake. Gamba wa Kinshasa anazungukwa na Waafrika wenzake, na hao mwandishi hajatuahidi kuwa watarudi makwao. Jasho la msomaji linahama. Hatuogopi tena kwa ajili ya Gamba; tunaogopa kwa ajili ya yule aliyekaa naye kwenye gari. Ni ufundi, na papo hapo ni siasa, kwa kuwa ukombozi wenyewe ulifanyika hivyo, na Tanzania, Zambia na wenzao wakilipa gharama kwa zamu. Mara chache sana utaona hoja ya kisiasa na hitaji la hadithi vikikaa kiti kimoja bila kusukumana.

Kitabu hicho cha pili kina hasara zake. Karatasi zikishapatikana kazi imekwisha, lakini kisasi hakina kipimo. Unaweza kuua watano au hamsini na bado hesabu haijafungwa. Ndiyo maana kitabu cha pili kina risasi nyingi na maswali machache. Gamba naye amezidi kuwa mkamilifu: nguo zake, ngumi zake, macho ya wanawake yanayomfuata. Wanawake wenyewe, katika vitabu vyote viwili, ni warembo kwanza na watu baadaye, na sioni sababu ya kulifunika jambo hilo kwa heshima ya marehemu. Musiba, aliyefariki mwaka 2010 baada ya kuwa pia kiongozi wa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, aliijua dunia ya hoteli na viwanja vya ndege kuliko waandishi wengi wa rika lake. Katika kitabu cha pili ujuzi huo wakati mwingine unageuka kuwa orodha ya vinywaji.

Tatizo hilihili la kitabu cha pili lilimkabili Muhammed Said Abdulla wa Unguja kabla ya Musiba, naye akalitatua kwa njia nyingine kabisa. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 na kuchapwa 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa kwenye mzimu, na msomaji mpya ana haki ya kujiuliza: je, kama ni mzimu kweli? Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wanalijibu swali hilo kwa akili. Baada ya hapo, nani tena ataogopa pepo katika kitabu cha Bwana Msa? Ilipokuja ya pili, Kisima cha Giningi, mwaka 1968, Abdulla hakukimbilia bastola wala gari la kasi. Alipandisha uchawi daraja. Giningi kwa Wazanzibari ndiko wanakokutana wachawi; ni kama kumwambia msomaji, haya, mzimu ulikuwa mdogo, na hiki je? Akili ya Bwana Msa haikuongezwa, ila kiza alichopewa akipasue kilikuwa kizito zaidi. Ajabu ni kwamba kati ya vitabu hivyo viwili yalipita Mapinduzi ya 1964, lakini mashamba ya Bwana Msa yalibaki kama yalivyokuwa. Abdulla alikataa kuufuata wakati, Musiba akaukimbilia.

Rider Haggard, ambaye Mashimo ya Mfalme Sulemani yake ilisomwa kwa Kiswahili na vizazi vya wanafunzi tangu enzi ya mkoloni, alichagua njia ya tatu. Hadithi ile ilitoka Uingereza mwaka 1885. Mwaka 1887 akaandika Allan Quatermain, na mwishoni mwa kitabu hicho cha pili akamuua shujaa. Kisha akatumia miaka mingi kuandika mambo aliyoyafanya marehemu alipokuwa kijana. Siwashauri waandishi wetu kumwiga, ila ujasiri wake naupenda.

Mkulima wa Kimatengo anayafahamu mambo haya bila kufundishwa nadharia. Kwenye ngoro, nyasi hufunikwa chini ya matuta yanayozunguka mashimo, maharage hupandwa kwanza, na yakishavunwa mahindi hufuata juu ya matuta yaleyale, yakila mbolea iliyokwisha kulipiwa. Mwandishi akirudia maharage, udongo unamwonyesha. Akichimba shamba jipya kila mwaka, mlima utamshinda.

Miswada iliyotufikia kwa ajili ya toleo hili karibu yote ni ya kwanza, na mingi inaanzia mahali pamoja: kijana wa Dar es Salaam, simu inalia, mkubwa anamwita ofisini. Ni Gamba aliyebadilishiwa shati. Nao waandishi wenyewe wameketi kando ya ziwa lenye serikali tatu, ambapo katika miaka ya 1960 Banda wa Malawi alishirikiana na Mreno huku Nyerere akiihifadhi FRELIMO, na wapinzani wa Banda wakivuka kuja kwetu baada ya mgogoro wa baraza lake la mawaziri mwaka 1964. Mpaka wenyewe katikati ya maji una ubishi hadi leo. Mpelelezi angetaka nini tena?

Liuli peke yake ina hadithi nzima yenye sehemu mbili. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali lenye umbo la sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Manahodha hao wawili walikuwa wakifahamiana. Yule Mjerumani aliporushiwa mzinga alikuja juu kwa hasira, akidhani mwenzake amelewa. Hiyo ni sehemu ya kwanza, nusu yake kichekesho. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli na askari, na safari hii hakuna aliyekuwa hajui. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ndiyo tofauti niliyokuwa nikiieleza tangu mwanzo: hadithi ya kwanza inaishi kwa kutojua, ya pili lazima itafute kitu kingine cha kuishi nacho. Wapagazi na mabaharia Waafrika waliokuwepo mara zote mbili hawajapata mwandishi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji ambaye una muswada sandukuni, Mbinga mjini, Kigonsera, Lituhi au popote pale: toleo lijalo hatutapokea sura ya kwanza pekee. Leta na muhtasari wa kitabu cha pili, ukurasa mmoja unatosha, ueleze shujaa wako atakabiliwa na nini baada ya kila mtu kujua kwamba hafi. Usipoweza kuujaza ukurasa huo, irudie ile ya kwanza.