Zimwi Likujualo

Wapo wanaodai kuwa michezo ya kutisha ya kompyuta ni upuuzi wa kupigwa marufuku. Hatukubaliani nao. Hofu ni mwalimu wa kale: bibi zetu walitufunza tahadhari kwa ngano za mazimwi.

Slender Man, kiumbe mrefu asiye na uso, alibuniwa na Mmarekani Eric Knudsen mwaka 2009. Mwaka 2012 Mark Hadley alimtungia mchezo wa bure: mchezaji, kurunzi mkononi, husaka karatasi nane katika giza la msitu. Zimwi hilo la juzi limekwisha vuka bahari, ilhali letu la karne nyingi tumeliacha lisinzie jikoni.

Kosa si la mtoto achezaye, bali letu tuliofungia hazina kisha tukalaumu wanaokopa. Wahenga walinena, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mbona basi tunawaachia watoto wetu mazimwi yasiyowajua?