Fuateni ruzuku, achaneni na meli

Mwaka 2024 Paul Watson alikaa mahabusu Nuuk, Greenland, kwa karibu miezi mitano. Japani ilitaka akabidhiwe kwake ajibu tuhuma za mwaka 2010, wakati kundi alilolianzisha, Sea Shepherd, lilipokuwa likizihangaisha meli za wawindaji wa nyangumi karibu na Antaktika. Desemba 17 Denmark ikakataa kumtoa, mzee huyo akaachiwa huru na wafuasi wake wakasherehekea. Tangu Mei, hata hivyo, Kangei Maru ilikuwa imekwisha kung'oa nanga Shimonoseki. Hii ni meli mpya ya kuchakata nyangumi hukohuko baharini, iliyojengwa kwa takriban yen bilioni 7.5, na mwaka huohuo serikali ya Japani iliongeza nyangumi aina ya fin, mnyama wa pili kwa ukubwa duniani, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuuawa. Ugomvi huu umedumu miongo mingi kwa sababu wengi wanaubishania mahali pasipo na mzizi wake. Uwindaji wa nyangumi wa Japani haubebwi na soko, na mila inaubeba kwa sehemu ndogo tu. Unabebwa na hazina ya serikali pamoja na fahari ya taifa, na kila unapogeuzwa kuwa vita vya meli kwa meli, fahari hiyo huongezeka na hazina hufunguka zaidi.

Tuanze na soko. Mwaka 1962 Wajapani walikula zaidi ya tani 200,000 za nyama ya nyangumi. Miaka ya karibuni ni kama tani 2,000, yaani hata asilimia moja ya kiwango kile haifiki. Kampuni ya Kyodo Senpaku, inayomiliki Kangei Maru, imefikia hatua ya kuuza nyama hiyo kwa mashine za barabarani ili kuwavuta wanunuzi. Kwa miaka mingi serikali imetenga takriban yen bilioni 5 kila mwaka kuusaidia uwindaji huu, na baada ya tsunami ya 2011 zaidi ya yen bilioni 2 kutoka bajeti ya kujenga upya maeneo yaliyoharibiwa zilielekezwa kwenye programu ya nyangumi. Serikali ilijitetea kwamba mji wa Ishinomaki, uliopigwa vibaya na maji, una watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Utetezi huo una chembe ya ukweli, lakini biashara inayohitaji mfuko wa maafa ili iende baharini haiwezi kuitwa biashara.

Hapo ndipo inapoletwa hoja ya mila, nayo inastahili kusikilizwa kwa heshima kuliko inavyosikilizwa Ulaya na Australia. Wenyeji wa Taiji waliwinda nyangumi kwa vikosi vilivyopangwa tangu mwanzoni mwa karne ya 17, kwa chusa na baadaye nyavu pia, karibu na pwani yao. Hiyo ni mila kamili. Safari za Antaktika ni jambo jingine. Japani ilianza kwenda huko katika miaka ya 1930, tena kwa kuiga viwanda vya baharini vya Norwei na Uingereza, na baada ya Vita Kuu ya Pili ilirudi kwa kibali cha Jenerali Douglas MacArthur kwa sababu watu walikuwa na njaa. Kizazi kilichokula nyama hiyo shuleni kinaikumbuka kwa upendo, wala hakuna wa kukicheka kwa hilo. Ila kumbukumbu ya chakula cha shule cha baada ya vita haigeuki kuwa haki ya kale ya kuwinda kwenye bahari isiyo ya mtu.

Wapo watakaosema Wazungu ndio waliomaliza nyangumi kwa ajili ya mafuta ya taa na majarini, na leo wanawahubiria wengine. Ni kweli tupu. Katika karne ya 20 waliuawa karibu nyangumi milioni 3, na sehemu kubwa ya dhambi hiyo ni ya Norwei, Uingereza na Umoja wa Kisovyeti, ambao ulidanganya takwimu zake kwa miongo kadhaa. Norwei inaendelea kuwinda hadi leo, na kuna miaka inayoua wengi kuliko Japani, lakini kelele zinazoielekea ni ndogo. Mjapani anayeona ubaguzi hapo haoti ndoto. Hata hivyo, unafiki wa mhubiri haubatilishi mahubiri yote. Unachotudai ni kutumia kipimo kimoja kwa Oslo na kwa Tokyo.

Kwa kipimo hicho, doa baya zaidi la Japani ni kile ilichokiita utafiti. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura mwaka 1982 kusitisha uwindaji wa kibiashara, na usitishaji ukaanza na msimu wa 1985/86. Mkataba wa 1946 unaruhusu kuua nyangumi kwa ajili ya sayansi, na kuanzia 1987 Japani ikaupitia mlango huo ikaenda Antaktika. Australia iliishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na Machi 31, 2014 majaji 12 dhidi ya wanne waliamua kwamba programu iliyokuwapo wakati huo haikuwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi. Mahakama ilibaini kwamba tangu 2005 waliuawa nyangumi aina ya minke wapatao 3,600, huku makala zilizopitiwa na wanasayansi wenzao zikiwa mbili tu.

Watetezi wa Watson watauliza: bila meli zake, nani angejua? Swali ni la haki. Katika msimu wa 2010/11 Japani iliirudisha meli yake mapema ikiwa na nyangumi 172 tu, wakati lengo lilikuwa karibu 850, na yenyewe ilikiri kwamba bughudha za Sea Shepherd ndizo zilizoirudisha. Mamia ya nyangumi waliokoka mwaka ule. Lakini tazama kilichofuata: fedha za ule mfuko wa maafa zilitengwa baadaye mwaka huohuo, na sehemu yake ilikuwa ya kuimarisha ulinzi wa meli dhidi ya wanaharakati. Mwanasiasa wa Tokyo ambaye angepata tabu kuwaeleza walipakodi sababu ya kulipia nyama wasiyoila, sasa alikuwa na maelezo mepesi: hatuwezi kuwapigia magoti watu wanaoturushia chupa za tindikali. Shinzo Abe alikuwa mbunge wa eneo lenye Shimonoseki, na Toshihiro Nikai, aliyekuwa kigogo wa chama chake, anatoka Wakayama uliko mji wa Taiji. Watu kama hao hawawezi kuonekana wameshindwa na mgeni.

Mwishowe Antaktika ilipata nafuu kwa njia nyingine. Desemba 2018 Japani ilitangaza kujitoa kwenye Tume, na Julai 1, 2019 ikaanza kuwinda kibiashara waziwazi, lakini ndani ya maji yake na ukanda wake wa uchumi tu. Wengi walilaani uamuzi huo. Mimi naona una unyoofu ambao kisingizio cha sayansi hakikuwa nao, kwani sasa swali liko wazi mbele ya Wajapani wenyewe: mnataka kulilipia hili?

Kuna hoja moja ya wawindaji ninayoikubali. Minke ni wengi, na wanasayansi wa Tume walikwisha kubuni njia ya kukokotoa idadi inayoweza kuvunwa bila kuwamaliza; Tume yenyewe iliikubali mwaka 1994 na haijawahi kuitumia. Udhaifu wake uko kwa anayehesabu. Wasovyeti walikuwa na wakaguzi ndani ya meli zao wenyewe na bado walidanganya, na fin aliyeongezwa sasa ni miongoni mwa waliochinjwa kupita kiasi katika karne iliyopita.

Nasi hatumo pembeni. Nyangumi wenye nundu wanaoonekana Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Septemba huja kuzaa kutoka Bahari ya Kusini, na ni jamii ileile ambayo Japani ilipanga kuua 50 kila mwaka kabla ya kusita mwishoni mwa 2007. Bahari ya Hindi ni hifadhi ya nyangumi tangu 1979, kwa pendekezo la Shelisheli. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Tume, na kila moja ina kura sawa na ya nchi tajiri. Wajumbe wetu waipige kulinda usitishaji na hifadhi hiyo, wasiiuze kwa msaada wa gati la samaki, na waidai Norwei majibu kwa sauti ileile wanayoidai Japani. Wanaharakati nao wapeleke fedha wanazonunulia mafuta ya meli kwa wanasheria na wahasibu wa Kijapani watakaowaeleza walipakodi wenzao mahali yen zao zinakokwenda.